Lubumbashi: nyumba kubwa ya zamani, ukuta unaoza chini ya plasta ya simenti. Tuiokoe vipi, na historia yake tuitafute wapi?

Mjukuu_wa_Stesheni

Jambo yenu bandugu. Ninaleta suala la nyumba ya familia hapa Lubumbashi, upande wa mji wa zamani, si mbali na stesheni. Ni nyumba kubwa ya matofali ya kuchoma. Barza imeizunguka pande tatu, plafo (dari) ya mbao iko juu karibu mita 4, na chini kuna vigae vya simenti vyenye maua. Nyuma kuna boyeri (nyumba ya wafanyakazi) ya vyumba vinne na jiko la nje. Wazee wanasema ilijengwa kabla ya vita vya 1940 kwa ajili ya mkubwa mmoja wa reli, ila karatasi tuliyo nayo ni sertifika ya parsele (kiwanja) ya 1981 peke yake, kwa jina la marehemu babu.

Tatizo la kwanza ni kuta. Miaka mitano iliyopita zilipigwa plasta mpya ya simenti, ndani na nje, toka chini hadi mita moja na nusu. Sasa plasta imevimba, ukiigonga inalia tupu, na pale ilipodondoka tofali la nyuma yake linatoka unga mwekundu ukilipangusa kwa kidole. Pale plasta inapokutana na ukuta wa zamani kumeota unga mweupe. Fundi aliyekuja kuangalia anataka kubandua yote, kupaka lami, kisha kupiga simenti nzito zaidi.

Tatizo la pili ni paa. Malata (mabati) ya chuma ya mbele yameliwa na kutu. Juu ya barza kuna yale mengine ya kijivu, mazito, yanayopasuka mtu akiyakanyaga.

Katika familia wapo wanaotaka kubomoa, kuuza matofali na kusimamisha etaji (ghorofa). Ninataka kuwaonyesha kwamba nyumba inaponyeka, na kwa kazi gani. Tena ninataka kujua historia yake iko wapi, na kama kuna sheria ya kuilinda.

---

Fundi_wa_Chokaa

Mdogo wangu, hiyo lami usiikubali. Ukuta wako hauna ugonjwa wa uzee. Una maji yaliyofungiwa ndani.

Nyumba za miaka ile zilijengwa kwa tofali laini, mara nyingi la udongo wa kichuguu, likaunganishwa kwa chokaa. Vyote viwili hunywa maji na kuyatoa. Maji ya ardhini yalikuwa yanapanda kidogo ndani ya ukuta, yanatoka kupitia viungo vya chokaa, jua linayakausha, basi. Simenti imeziba njia hiyo. Maji hayakuacha kupanda, yamepanda juu zaidi yakitafuta mahali pa kutokea, ndiyo maana unga mweupe umeuona kwenye mpaka wa juu wa plasta. Huo ni chumvi. Maji huyeyusha chumvi za udongo na za simenti yenyewe, na yanapokauka chumvi hugeuka fuwele ndani ya vitundu vya tofali, inavimba, inalipasua kidogo kidogo. Ule unga mwekundu ni tofali lililopasuliwa namna hiyo. Ukiweka lami na simenti nzito, maji yatafika madirishani.

Kabla ya kununua hata kilo moja ya chokaa, tafuta maji yanatoka wapi. Piga hesabu ya paa lako: kama lina mita za mraba 200, mvua moja ya milimita 50 inashusha lita 10,000. Mfereji ukitoboka kona moja, sehemu kubwa ya maji hayo inamwagika kwenye msingi mahali pamoja. Bomba la kushusha la sentimita 10 lihudumie mita za mraba 50 tu kwa mvua zetu, kwa hiyo paa hilo linataka mabomba manne, na mfereji uteremke milimita 5 kwa kila mita. Kisha zunguka nyumba ukiangalia chini. Je, ardhi imepanda kuliko zamani? Je, kuna bustani inayomwagiliwa imeegemea ukuta? Je, mtu alimimina beto (zege) kuizunguka nyumba? Beto hiyo inazuia ardhi kukauka, na maji yaliyo chini yake yanakimbilia ukutani.

Kama huna hakika unyevu unatoka ndani ya ukuta au hewani, bandika kipande cha plastiki cha sentimita 40 kwa 40 juu ya ukuta uliovuliwa plasta, ziba kingo zote kwa utepe, uache siku mbili. Matone yakiwa nyuma ya plastiki, maji yanatoka ukutani. Yakiwa mbele, ni hewa ya ndani ya chumba.

Plasta ya simenti ivuliwe kwa nyundo ndogo na patasi iliyolazwa, kuanzia pale inapolia tupu. Mashine ya kukata isiguse tofali. Pale simenti inapong'ang'ania hadi inang'oa uso wa tofali, iache kwanza, itaachia baada ya msimu mmoja. Chumvi ipanguswe kwa burushi kavu na izolewe kwa karai, maana ukiiosha kwa maji unairudisha ndani. Viungo vilivyolegea vichimbwe kina cha sentimita 2 hadi 3. Halafu ukuta ukae uchi msimu mzima wa kiangazi, toka Mei hadi Septemba. Hapo ndipo watu wengi wanashindwa, kwa sababu ukuta uchi unaonekana vibaya na familia inalalamika. Ukipiga plasta juu ya ukuta uliolowa, chumvi itaisukuma hata kama ni chokaa safi.

Chokaa: tafuta chokaa hai, ile ya mawe inayochemka ikiguswa na maji. Chokaa ya Kakontwe, karibu na Likasi, ndiyo inayotumika sana viwandani kwetu. Jihadhari na unga wa jiwe la chokaa unaouzwa kwa mashamba. Huo haukuchomwa na haushiki kitu. Kuujua ni rahisi: tia kiganja kimoja ndani ya kikombe cha chuma chenye maji, usipopata moto, rudisha mfuko.

Kuizima: maji kwanza ndani ya pipa la chuma, halafu chokaa inaingia kidogo kidogo huku mtu anakoroga kwa mti mrefu. Kamwe usimwage maji juu ya chokaa. Inachemka, inaruka, inapofusha jicho. Miwani, glavu, mikono mirefu, na ndoo ya maji safi kando. Pipa la plastiki litayeyuka. Kwa kilo moja ya chokaa hai weka lita 3 za maji. Ikipoa ichuje kwa wavu wa milimita 2 au 3, uifunike kwa kidole kimoja cha maji, uiache miezi mitatu. Vipande vilivyochomwa kupita kiasi huzimika polepole, na visipochujwa vitalipukia ndani ya plasta na kuacha vishimo.

Mchanganyiko ni chokaa 1, mchanga 3, na nusu ya unga wa tofali. Mchanga uwe mkali, wa punje kubwa na ndogo pamoja, uoshwe. Unga wa tofali utoke kwenye matofali yaliyochomwa kwa moto wa wastani, yale mekundu-machungwa unayoweza kuyakwaruza kwa msumari. Lile jeusi lililoiva sana halina nguvu ya kushikana na chokaa. Kwa ukuta wa mita 12 kwa 1.20, plasta ya sentimita 2 pamoja na kujaza viungo, hesabu lita 400 za mchanga, lita 130 za chokaa iliyozimwa, ambayo inatoka kwenye kilo 65 hivi za chokaa hai, na lita 65 za unga wa tofali.

Lowanisha ukuta jioni na tena asubuhi. Tabaka la kwanza milimita 10 hadi 12, ulikwaruze lingali bichi, usubiri siku kumi. La pili milimita 8. Kila tabaka lifunikwe kwa magunia mabichi siku tano, kwa sababu upepo mkavu wa kwetu hukausha chokaa kabla haijashika, na inabaki vumbi. Usifanye kazi hii Juni wala Julai: usiku ni baridi, mchana ni mkavu. Aprili hadi katikati ya Mei, mvua zinapoisha, ndio wakati wake. Ukuta ukaushwe kiangazi hiki, plasta ipigwe Aprili ijayo.

Juu yake paka chokaa ya maji, matabaka manne au matano mepesi. Rangi ya plastiki ukiipaka umerudi kulekule kwenye simenti.

---

Masoni_wa_Ruashi

Fundi, hayo ni kweli, lakini nani atasubiri miezi mitatu na msimu mzima? Mafundi wengi hapa hawajawahi kushika chokaa ya pipa. Kwa nini asitumie simenti 1, chokaa 1, mchanga 6? Inashika siku mbili na bado inapumua kidogo.

---

Fundi_wa_Chokaa

Mchanganyiko huo una mahali pake: kofia ya ukuta wa uzio, ngazi za nje, ukingo wa dirisha unaopigwa na mvua. Juu ya tofali laini lenye chumvi haufai, kwa sababu mbili. Simenti inaongeza chumvi nyingine juu ya ile iliyopo. Tena plasta inakuwa ngumu kuliko tofali. Ukuta ukisogea kidogo, kile kilaini ndicho kinachovunjika, na hapa kilaini ni tofali la watu wa zamani. Plasta inatakiwa iwe dhaifu kuliko ukuta ili ife yenyewe badala yake. Plasta ya chokaa ikila chumvi na kuchakaa baada ya miaka kumi, unaibandua na kupiga nyingine, tofali liko salama.

Kuhusu haraka: unga wa tofali ndio unaoifanya chokaa ishike hata ndani, pasipofikiwa na hewa. Miezi mitatu ya pipa inaenda sambamba na ukaushaji wa ukuta, hupotezi siku.

Kuna jambo lingine kwako unayejenga. Atahitaji matofali ya kubadilisha yale yaliyokwisha kuoza. Udongo wa vichuguu vikubwa vya Katanga una vijiwe vya chokaa ndani yake. Vikichomwa pamoja na tofali vinageuka chokaa hai, na mvua ya kwanza inapolowesha ukuta vinavimba na kulipua uso wa tofali. Kabla ya kutumia, zamisha matofali mapya ndani ya maji usiku na mchana, yaache wiki nzima hewani, uyatupe yote yaliyofunguka vishimo vyenye kiini cheupe. Vipimo vya tofali la zamani vipime mwenyewe kwa mita kabla ya kuagiza, maana la leo mara nyingi ni fupi na mistari haitakutana.

---

Mama_Nyaraka

Mwanangu, mimi nijibu upande wa karatasi.

Anza na sertifika hiyo hiyo ya 1981. Imeandikwa Vol. na Folio. Namba hizo mbili ndizo mlango. Chini ya sheria ya ardhi namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973, kila sertifika inatoka kwenye kitabu kinachoshikwa na conservateur wa titres immobiliers (mwandikishaji wa hati za ardhi). Omba kuona faili ya parsele, siyo nakala ya sertifika tu, na usome ile iliyofutwa ili hii izaliwe. Kisha iliyotangulia hiyo, mpaka mwanzo. Tafuta kwa namba ya parsele. Majina ya avenue yalibadilika baada ya uhuru na tena wakati wa Mobutu, yatakupoteza.

Katanga ina jambo lake: kabla ya uhuru, ardhi hapa iligawiwa na Comité Spécial du Katanga, CSK, iliyoundwa 1900. Kwa hiyo mkataba wa kwanza unaweza kuwa na muhuri wa CSK pamoja na mchoro wa mipaka. Ndani ya faili tafuta karatasi ya mise en valeur, ile inayothibitisha kwamba mwenye parsele amejenga kweli. Hiyo mara nyingi ndiyo inayokupa mwaka wa nyumba, kuliko kumbukumbu ya mtu. Ukiona jina linaruka ghafla toka kwa kampuni au mgeni kwenda kwa mtu binafsi kati ya mwisho wa 1973 na 1974, hiyo ni zairianisation, yaani serikali kuwanyang'anya wageni mali na kuwapa Wazaire, iliyotangazwa tarehe 30 Novemba 1973. Kama ilikuwa kweli nyumba ya reli, mwenyewe wa zamani ni BCK, kampuni ya reli ya wakati wa ukoloni, na urithi wake umeishia SNCC, kampuni ya reli ya taifa iliyoanza 1974 kwa jina la SNCZ. Uliza ofisi yao ya majengo kama plani ipo. Kampuni hizo zilijenga nyumba za wakubwa kwa plani chache zilizorudiwa, hivyo hata plani ya nyumba jirani itakusaidia.

Nje ya nchi: nyaraka za utawala wa Kongo ya Wabelgiji na zile za Union Minière, kampuni ya shaba ya wakati wa ukoloni, ziko kwenye hifadhi ya taifa ya Ubelgiji, Bruxelles, na makumbusho ya Tervuren yana picha nyingi za Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya zamani. Gazeti L'Essor du Congo, lililoanza hapa 1928, linafaa kusomwa kwa matangazo yake ya nyumba na ya wajenzi. Hapa nyumbani, nenda makumbusho ya taifa ya Lubumbashi na idara ya historia ya Unilu (chuo kikuu cha Lubumbashi). Fika na picha zilizochapwa na namba ya parsele mkononi, utasikilizwa vizuri zaidi.

Nyumba yenyewe pia inasema. Boriti za chuma juu ya milango mipana huwa na jina la kiwanda limechapwa ubavuni. Kigae kilichokwisha kulegea kigeuze utazame mgongo wake. Rangi za zamani zifungue mahali pamoja pasipoonekana, nyuma ya shata la dirisha kwa mfano: kwa kisu kikali kwaruza kidirisha cha sentimita 3 kwa 3, tabaka kwa tabaka, kila tabaka liache utepe wake, upige picha kwenye mwanga wa mchana. Usisage kwa msasa mkavu, rangi za miaka ile mara nyingi zina risasi, na vumbi lake ni sumu kwa watoto.

Sasa nakuomba jambo moja kwa moyo wote. Boyeri msiibomoe. Mji huu ulichorwa mwaka 1910, enzi za Wangermée, mkubwa wa utawala wa Wabelgiji Katanga, kwa njia zilizonyooka kama ubao wa dama, wazungu upande wao, na Waafrika baadaye katika Cité Albert, ndiyo Kamalondo ya leo, na katikati ardhi iliyoachwa tupu makusudi. Mpishi na wafanyakazi wa nyumba ndio walioruhusiwa kulala ndani ya mji wa wazungu, na walilala pale nyuma, kwenye vyumba vyenye dari ya chini na dirisha dogo. Ukibaki na barza na kubomoa boyeri, umehifadhi nusu ya habari, tena nusu ya bwana mwenye nyumba. Pima vyumba hivyo kwa uangalifu uleule: urefu, upana, kimo cha dari, ukubwa wa dirisha, umbali hadi jiko.

Sheria ipo: ordonnance-loi namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 kuhusu ulinzi wa mali za utamaduni. Jengo likiwekwa kwenye daraja la mali iliyolindwa, halibomolewi wala kubadilishwa bila ruhusa ya serikali. Ombi linapitia divisheni ya utamaduni ya provensi, na Institut des Musées Nationaux inahusika. Faili iwe na plani, picha za pande zote nne, mlolongo wa wenye nyumba na maelezo ya kilichotokea pale. Hilo la mwisho lina uzito. Nyumba ya Brouwez, walikoshikwa Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, na wenzake Mpolo na Okito tarehe 17 Januari 1961 kabla ya kupelekwa kuuawa, haihesabiki kwa mapambo yake, inahesabika kwa saa zile chache.

Lakini usingoje serikali. Kilicho karibu zaidi ni urithi: sertifika iko kwa jina la marehemu, maana yake mutation (kubadilisha jina la mwenye mali) haijafanyika. Fanyeni. Mali ya urithi isiyogawanywa haiuzwi na mrithi mmoja, na wanaotaka etaji wanapaswa kulijua hilo kwa karatasi, siyo kwa kelele. Andikeni makubaliano ya familia, kila mrithi atie sahihi, na yataje nyumba, boyeri na jiko kwa majina.

---

Malata_na_Mbao

Ya kijivu yanayopasuka ni ya amianti (asbesto), karibu hakika kwa nyumba ya umri huo. Yakiwa mazima na yamekaa kimya, yaache. Hatari iko kwenye vumbi. Usiyakate kwa msumeno, usiyatoboe kwa mashine, usiyasugue kwa burushi ya chuma, na usimruhusu mtu kuyavunja ili yaingie ndani ya bruweti (toroli). Kama lazima yatoke: watu wawe na maski ya FFP3 (maski ya kitambaa haizuii kitu), malata yaloweshwe kwa maji yenye sabuni kidogo, misumari ing'olewe taratibu au ikatwe kichwa kwa koleo, kila moja ishushwe nzima kwa mikono miwili na kufungwa ndani ya plastiki nene mara mbili. Nguo za kazi zisiingie nyumbani. Kuna watu watakuomba vipande vya kufunikia kisima au kujengea kibanda cha kuku. Kataa.

Malata ya chuma: angalia nyumba iko upande gani wa bomba refu la moshi la Gécamines, kampuni ya shaba. Kiwanda kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na upepo wetu mkuu unatoka kusini-mashariki, ndiyo maana ardhi ya kaskazini-magharibi ya bomba ndiyo iliyokufa kwa moshi wa salfa. Moshi huo ukikutana na umande unakuwa asidi na kula zinki. Kwenye mitaa ya upande huo, malata ya zamani mara nyingi yameisha kwa juu huku chini bado yanang'aa. Usidanganyike na uso wa chini ukiwa ndani ya plafo.

Kosa la hapa kwetu ni shaba. Waya wa shaba unapatikana, watu wanafungia nao malata na mifereji. Shaba ikigusa zinki katika maji, zinki inaliwa. Hata maji yanayotoka juu ya shaba na kutiririka kwenye malata yanaacha mistari ya kutu. Ng'oa waya wote wa shaba, tumia skrubu zenye zinki na kiduara cha mpira chini ya kichwa, zipigwe juu ya wimbi, siyo bondeni. Malata yapandane mawimbi mawili ubavuni na sentimita 20 kichwani.

Kabla ya kupandisha malata mapya, gonga vichwa vya mbao za sharpanti (zile zinazobeba paa) pale vinapoingia ukutani. Huko ndiko mchwa na unyevu vinakutana. Msumari wa inchi nne ukizama kwa kusukuma na kidole gumba, kichwa kimekufa. Si lazima kutupa mbao nzima: kata hadi penye afya, unga kipande kipya kwa kulazana sentimita 60 na bolti nne za milimita 12. Mulombwa ni mzuri kwa kazi hiyo, kiini chake mchwa hawakipendi, ila uondoe ule weupe wa nje, huo wanaula. Kichwa kipya kisifungiwe kwa simenti, kiachiwe nafasi ya kidole pande zote kipumue.

Na yale matundu madogo chini ya paa, yenye wavu, ambayo watu wanaziba kwa sababu ya popo: yafungueni, muweke wavu mpya. Joto la plafo na ukungu vinatokea hapo.

---

Mtu_wa_Muhumba

Ninasoma toka Bukavu. Nyumba za zamani za huku, Muhumba na Nguba, zina ugonjwa uleule wa simenti, ila wasomaji wa Kivu waongeze mambo mawili. Kwanza tetemeko. Lile la tarehe 3 Februari 2008, la ukubwa wa 5.9, liliangusha kuta nyingi za matofali. Ukuta wa zamani hauna mkanda wa beto juu, na pembetatu ya ukuta inayoshika paa ndiyo inayoanguka kwanza, kuelekea nje. Ifungeni na sharpanti kwa vyuma bapa vya milimita 40 kwa 5, kila mita moja na nusu, na kuta ndefu zivutwe kwa fimbo za chuma za milimita 16 katika kimo cha plafo, zenye sahani ya chuma nje. Kumimina mkanda mzito wa beto juu ya tofali laini kunaongeza uzito pale pale tetemeko linapotikisa zaidi. Pili, mteremko: huku mtaro wa kukausha msingi usichimbwe kabla ya kujua maji yatatokea wapi, maana ukiyaelekeza kwenye mteremko wa udongo wa chini unaweza kuuporomosha pamoja na nyumba ya jirani. Yapelekwe kwa bomba mpaka kwenye mfereji wa barabara.

Wale wa etaji waambie: msingi wa tofali uliobeba ukuta mmoja na malata haukuhesabiwa kubeba beto.

---

Mjukuu_wa_Stesheni

Aksanti sana Mama, aksanti wakubwa wote. Nimefanya mtihani wa plastiki: matone yako nyuma. Nimechimba kando ya ukuta wa mashariki, kwenye bustani ya maua, na nimekuta chini ya udongo matundu ya mstatili yenye vyuma, yamejaa matope, sentimita 25 chini ya uso wa ardhi ya sasa. Chini kidogo ya hapo kuna mstari mweusi wa lami unapita ndani ya ukuta. Ndani, chumba cha upande huo kina sakafu ya mbao inayobonyea, na kuna njia za udongo za mchwa kwenye skirtingi.

---

Fundi_wa_Chokaa

Umeupata ugonjwa wenyewe. Mstari mweusi ni kizuizi walichoweka wajenzi ili maji ya ardhini yasipande, na matundu ni ya kupitisha hewa chini ya mbao. Bustani imefunika vyote viwili, udongo unaingiza maji ukutani juu ya kizuizi.

Ondoa udongo hadi sentimita 15 chini ya ule mstari, upana wa mita moja na nusu toka ukutani, uteremke sentimita 2 kwa kila mita kwenda nje. Chimba mita mbili mbili, usifungue upande mzima kwa siku moja, na usishuke kamwe chini ya kitako cha msingi. Acha changarawe juu, bila beto, na usipande kitu hapo. Matundu yasafishwe kwa mkono, vyuma vyake vya zamani visuguliwe na kurudishwa, nyuma yake uweke wavu wa milimita 2 wa kuzuia panya. Hakikisha yale ya ukuta wa pili, unaotazamana na huu, yamefunguka pia. Hewa isipotoka upande mwingine haiingii.

Fungua mbao mbili tu za sakafu, karibu na ukuta, utazame chini kwa taa. Njia za mchwa usizivunje mara moja. Zifuate uone zinapanda wapi, uziandike kwenye plani, ndipo uzivunje. Baada ya wiki angalia zipi zimejengwa upya: hizo ndizo zenye kundi hai, na hapo ndipo dawa ya udongo inawekwa. Mafuta machafu ya injini usimwage, yanaingia kwenye tofali na plasta ya chokaa haitashika tena mahali hapo. Mbao nzima zilizobaki zipakwe maji ya boraksi mara mbili zikiwa kavu, kilo moja kwa lita kumi za maji ya moto.

Kwa upande huo usivue plasta ya ndani bado. Ondoa udongo kwanza, fungua matundu, subiri mwezi, urudie mtihani wa plastiki kimo kilekile.